Kwa wanaoombwa kulea watoto kanisani, Mwanza na kando ya ziwa: ukikubali, kubali kukaa

#1 FundiMitumbwi (mwanzisha uzi)

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zetu wa makanisa mengine, Bwana Yesu asifiwe. Na wote mnaopita hapa, salaam.

Kipindi hiki vigango vingi (makanisa madogo yaliyo chini ya parokia) vinapanga viongozi wapya, na wote tunajua inavyokwenda. Tangazo linasomwa baada ya Komunyo: "Tunahitaji walezi wa Utoto Mtakatifu." Kanisa zima linaangalia chini. Mwisho wanatajwa watu wawili: binti anayesubiri matokeo ya kidato cha nne, na mama ambaye tayari ni mwenyekiti wa jumuiya yake na mhazini wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Wanapigiwa makofi, basi. Ikifika Pasaka binti keshaenda chuo, mama kazidiwa, na watoto wamerudi kwa katekista ambaye Jumapili hiyohiyo anaongoza ibada, anafundisha wakatekumeni na kushughulikia vyeti vya ubatizo.

Mimi ni mlezi kwenye kigango kimoja cha Ilemela, kando ya ziwa. Kazi yangu ya mkate ni kutengeneza mitumbwi. Nina jambo moja la kusema, nalisema mapema ili mnipinge mkitaka: mtoto mdogo hashiki somo kwanza, anamshika mtu. Anamshika yule anayemkuta pale kila Jumapili, anayelijua jina lake na la bibi yake, anayeona kwamba wiki iliyopita hakuja. Somo linaingia kupitia huyo. Kwa hiyo anayejitolea asiulizwe kwanza anajua katekisimu kiasi gani. Aulizwe: "Hawa wa darasa la pili, utakuwepo mpaka wapate Kipaimara?" Ni miaka mingi, najua. Ndiyo maana nimefungua uzi, maana kazi hii huombwa kwa sentensi moja ya tangazo kana kwamba ni kufagia kanisa Jumamosi.

Kwa wasiolifahamu shirika lenyewe: Utoto Mtakatifu, shirika la watoto Wakatoliki, ulianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa. Alikuwa ameshauriana na Pauline Jaricot, yule mlei wa Lyon ambaye mwaka 1822 alianzisha Shirika la Uenezaji wa Imani. Wazo la askofu lilikuwa jepesi: watoto wawasaidie watoto. Kila mtoto asali Salamu Maria moja kwa siku na kutoa senti kidogo kwa mwezi, kwa ajili ya watoto wa mbali asiowajua. Mwaka 1922 Papa Pius XI akalipatia hadhi ya shirika la kipapa. Na Pauline mwenyewe alitangazwa mwenyeheri huko Lyon, Mei 2022.

Nimeitaja historia hii kwa sababu inageuza namna ya kuwatazama watoto wetu. Hawakuitwa wakae kimya nyuma ya kanisa wasisumbue Misa, wala kazi yao si kucheza wakati wa Utukufu ili watu wazima wapige video tu. Waliitwa kuwa wamisionari. Mtoto wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anayemwombea mtoto mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Bugando anafanya utume kamili, hapungukiwi kitu.

Sasa Jumapili yenyewe. Mkeka mmoja chini ya mwembe, wa miaka 4 na wa miaka 13 pamoja, redio ya jirani inapiga, na wewe una chaki mbili. Hapo mpango mkubwa wa maandishi haukusaidii sana. Kinachosaidia ni hadithi moja uliyoisoma tangu Alhamisi mpaka ukaweza kuisimulia bila kuangalia kitabu. Wakubwa waigize, wadogo wawe mawimbi. Hadithi ya tufani ziwani, kwa mfano, watoto wa huku wanaifahamu kuliko mtu yeyote aliyekulia nchi kavu. Wanajua upepo ukigeuka ghafla usiku baba yupo wapi. Niliwauliza, "Ungekuwa kwenye ule mtumbwi ungefanya nini?" Mmoja akajibu, "Ningeanza kuchota maji kwanza, halafu ndiyo nimwamshe Yesu." Tukakaa kwenye jibu hilo mpaka kengele ikagonga. Linatosha kwa mahubiri.

Nataka tujadili masharti. Mtu akiombwa kazi hii, akubali kwa masharti gani? Na parokia inamdai nini, na yeye aidai nini?

#2 MamaBuswelu

Tumsifu Yesu Kristo kaka. Mimi ndiye yule mama wa kwenye tangazo, nimetajwa wiki hii. Nina darasa la saba tu. Wengine waliotajwa kwenye parokia yetu ni walimu wa shule, wanajua kuandaa somo. Naogopa watoto wataniuliza maswali ya Utatu Mtakatifu nikakosa jibu, na siku hizi wanauliza kweli. Nikatae?

#3 FundiMitumbwi

Milele amina, mama. Usikatae kwa sababu hiyo. Ukiulizwa usilolijua, mwambie mtoto, "Swali zuri, nitamuuliza padri, Jumapili ijayo nakuletea jibu." Halafu ulete. Mtoto akiona umekumbuka swali lake wiki nzima, hilo limemfundisha jambo kubwa kuliko jibu lenyewe.

Ila weka sharti moja kabla hujasema ndiyo: uachie angalau jukumu moja kati ya yale mengine. Mwambie mwenyekiti wa kigango waziwazi. Mama mwenye vyeo vitatu atakuwepo kwa mwili tu, na watoto wanalitambua hilo upesi.

Jambo lingine, mama, usiwafundishe peke yako kama mwalimu wa darasani. Ulikuwa unamsimuliaje mwanao hadithi jioni mkisubiri ugali? Hivyohivyo.

#4 MwanachuoMalimbe

Shikamooni wakubwa. Mimi nasoma SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, hapa Malimbe. Mwaka wa kwanza niliingia kwenye kundi la wanafunzi wanaofundisha watoto kwenye vigango vya jirani. Nimeusoma uzi na umenigusa, kwa sababu mimi mwaka ujao namaliza, nitarudi kwetu Kigoma. Kwa hoja ya mwanzisha uzi, sisi wanachuo tusijitolee kabisa? Maana hakuna kati yetu atakayekaa mpaka Kipaimara. Na ukweli ni kwamba bila wanachuo, vigango vingine hapa vingebaki bila mtu.

#5 NansioKisiwani

Nachangia kutoka Ukerewe. Mnaongelea "kila Jumapili", lakini kwenye kambi za dagaa hakuna kila Jumapili. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Usiku wa giza ukiwa mwingi, mitumbwi inarudi alfajiri imejaa, na asubuhi familia nzima iko mchangani inaanika, watoto wakiwemo. Huwezi kumlaumu mtoto wa miaka 9 kwa kutokuja mafundisho wakati mama yake ana mzigo unaoweza kuharibika mvua ikinyesha. Mbalamwezi ikija, uvuvi unapungua, watu wanapumzika, na ghafla mkeka unajaa.

Sisi tuliacha kupambana na mwezi. Wiki za giza tunakutana jioni, muda mfupi, palepale karibu na vichanja, baada ya dagaa kukusanywa. Wiki za mbalamwezi ndipo tunafanya mambo makubwa: maigizo, mazoezi ya nyimbo, safari ya parokiani. Mafundisho ya Komunyo tumeyapanga hivyo pia na paroko wetu alikubali. Kabla ya hapo kila mwaka kulikuwa na watoto wanaoambiwa "mahudhurio hayatoshi", na karibu wote walikuwa wa kambini. Ilikuwa inaniuma sana. Mtoto anazuiwa kupokea Komunyo kwa sababu anamsaidia mama yake!

#6 FundiMitumbwi

Nansio, nakushukuru sana. Mimi mteja wangu mkubwa ni mvuvi, naijua kalenda hiyo, lakini sikuwahi kuona parokia iliyopanga mafundisho kwa kuifuata. Nimechukua. Huku kwetu pia kuna watoto wa mwaloni wanaopotea wiki mbili wanarudi. "Kila Jumapili" yangu isomeke hivyo: pale mtoto anapoweza kuja, akukute.

Mwanachuo, jibu lako linakuja, siyo fupi.

#7 MwalimuWaNassa

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni wa AICT (Africa Inland Church Tanzania), mwalimu wa Shule ya Jumapili, nipo upande wa Ghuba ya Speke. Nassa ndipo wamisionari wa AIM (Africa Inland Mission) walipoanzia kazi yao Tanganyika mwaka 1909, walipopokea kituo kutoka kwa wamisionari Waanglikana wa CMS. Kwa hiyo watoto huku wamekuwa wakifundishwa kwa muda mrefu.

Nakubaliana na mengi, nina pingamizi moja. Kaka unasema mtoto anamshika mtu. Ni kweli, lakini kuna hatari watoto wakawa wa mtu. Nimeona mwalimu mmoja anayependwa sana, akigombana na wazee wa kanisa anaondoka, na nusu ya watoto wanaondoka naye. Kwetu tunakuwa walimu watatu au wanne kwa kundi, tunapokezana, lakini wote tupo mezani kila wiki. Mmoja anafundisha, wengine wanakaa katikati ya watoto. Hivyo mtoto anashika watu, siyo mtu.

Na kuhusu watoto wanaofanya kazi: Shule ya Jumapili yenyewe ilienea kwa sababu hiyohiyo. Robert Raikes, mwenye gazeti wa Gloucester, Uingereza, alianza yake mwaka 1780 kwa ajili ya watoto wa maskini waliokuwa viwandani siku sita za wiki. Jumapili ndiyo siku pekee waliyokuwa huru. Walifundishwa kusoma kwa kutumia Biblia. Yaani asili ya kazi yetu ni kumfuata mtoto kwenye nafasi aliyonayo. Ndugu wa Ukerewe yuko kwenye mstari huohuo.

#8 FundiMitumbwi

Mwalimu, pingamizi lako nalipokea lote. Watu, siyo mtu. Nitalisema hivyo kuanzia leo.

#9 HojaKwanza

Wakuu naomba niseme lisilopendeza. Mnazungumza miaka sita, saba ya kujitolea. Nani analipa? Mlezi anatumia nauli yake ya daladala au bodaboda, vocha yake kupigia wazazi, chaki na manila kwa pesa yake, na siku ya sikukuu ya watoto anachangishwa kama wengine. Kwaya ikisafiri inatafutiwa basi. Harambee ya vyombo vya muziki inafanyika na mamilioni yanapatikana. Walezi wa watoto hawana hata shilingi kwenye bajeti. Halafu tunashangaa hawakai. Mimi nasema walipwe posho, au tuache kuwalaumu.

#10 MamaBuswelu

Kaka Hoja, umenisemea moyoni.

#11 FundiMitumbwi

HojaKwanza, nakubaliana na wewe robo tatu. Posho ya kila Jumapili siitaki, na nitasema kwa nini. Kigango cha kule mwaloni hakitaweza kuilipa, cha mjini kitaweza, na walezi wazuri watahamia mjini. Watoto wanaohitaji zaidi watabaki bila mtu. Halafu mtoto anapojua kwamba huyu mtu mzima anakuja kwa hiari yake, kwa sababu anampenda, kuna kitu anakielewa juu ya Mungu ambacho hakifundishwi kwa ubao.

Lakini gharama ni jambo lingine. Mlezi hapaswi kununua chaki. Hapaswi kulipa nauli ya kwenda semina ya jimbo kutoka mfukoni. Hili ndilo sharti langu la pili kwa kila anayekubali: kabla ya kusema ndiyo, uliza kwenye kamati ya kigango, "Fungu la watoto ni kiasi gani kwa mwaka, na nani anasaini?" Uliza hadharani, kwa adabu, na usubiri jibu. Wakisema halipo, waombe waliweke, hata kama ni dogo. Fungu dogo lililoandikwa linaweza kudaiwa. Ahadi ya mdomo haidaiwi.

Na senti wanazotoa watoto wenyewe zisiguswe kununulia chaki wala maandazi. Zile ni za wamisionari wadogo, zinakwenda kwa watoto wengine kupitia jimbo. Wahesabu wenyewe mbele ya wote, waandike wenyewe kwenye daftari.

#12 UstawiWaJamii

Habari za leo. Mimi nafanya kazi ya ustawi wa jamii kwenye mojawapo ya halmashauri za kanda hii, na pia ni mlezi kanisani kwangu. Naona uzi umeenda mbali bila kugusa usalama wa watoto, na hili lingetakiwa kuwa sharti la kwanza kabisa.

Hoja ya Mwalimu wa Nassa ina uzito wa pili ambao hakuutaja. Watu wazima wawili au zaidi, wakati wote. Asiwepo mtu mzima, awe mlezi, katekista, mwanakwaya au nani, anayebaki na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Akiumwa tumbo mtoto, anapelekwa na wawili, au anaitiwa mzazi. Mazungumzo ya faragha yafanyike pale ambapo wengine wanawaona ingawa hawawasikii. Msichana wa miaka 12 asitumiwe ujumbe wa simu na mlezi usiku. Mawasiliano yapitie kwa mzazi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18, na inampa mwanajamii yeyote anayejua haki ya mtoto inavunjwa wajibu wa kutoa taarifa. Kanisa haliko nje ya sheria hiyo. Mtoto akikuambia jambo linalotisha, usimhoji kama polisi, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, na usilimalize kwa kikao cha wazee. Piga 116, ni bure, ni simu ya huduma kwa mtoto. Au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Watoto nao wafundishwe namba hiyo. Mimi huwa naifanya wimbo, wanaishika siku ileile.

#13 BabaKirumba

Dada Ustawi, afadhali umesema. Mimi nilitaka kujitolea, nikaacha. Mwanaume ukionekana na watoto wa watu, minong'ono inaanza. Nina mabinti wawili, najua wazazi wanaogopa nini, siwalaumu. Lakini matokeo yake wavulana wa kanisani kwetu hawana mwanaume hata mmoja wa kuwafundisha sala. Wanadhani kusali ni mambo ya kina mama. Wakifika kidato cha kwanza hawaonekani tena.

#14 UstawiWaJamii

Kaka, utaratibu wa watu wawili unakulinda na wewe pia. Ukiwepo wazi, ukatangazwa kanisani, wazazi wakaujua, minong'ono inakosa pa kukaa. Omba uingie na mlezi mwanamke, mfanye kazi pamoja tangu siku ya kwanza. Na usichukie ukiulizwa maswali na wazazi. Mzazi anayeuliza ndiye unayemtaka.

Kingine, kwa mazingira yetu: ziwa. Safari za watoto zina mambo yake. Kila mtoto avae jaketi okozi kabla chombo hakijang'oa nanga, na idadi ya abiria isizidishwe kwa kuwa "ni watoto, ni wadogo". Kanda hii imezika watu wengi kwa MV Bukoba Mei 1996 na MV Nyerere Septemba 2018. Hatuna kisingizio cha kutojua. Na msiwaache waogelee ufukweni mkisubiri chakula. Kichocho kipo kwenye mwambao huu.

#15 FundiMitumbwi

Dada, nimeomba wasimamizi wa jukwaa wauinue ujumbe wako uwe juu ya uzi. Na BabaKirumba, njoo. Nakuomba kabisa. Wavulana wanatafuta mwanaume wa kumuiga na wasipompata kanisani watampata mwaloni, na siyo lazima awe mtu mzuri.

Kuhusu safari, si lazima iwe ya majini. Sisi tumewapeleka Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika (White Fathers). Watoto waliona ngoma na vifaa vya watemi, kisha tukaingia kanisani, jengo lililochukua sura ya Usukumani. Watoto wetu wengi walikuwa wanadhani mambo ya Mungu lazima yaonekane ya Kizungu. Na ikiwa mnaweza kwenda wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma baada ya sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, makundi ya Bagika na Bagalu yakishindana kucheza, ni zaidi. Walirudi wanauliza maswali wiki nzima.

#16 MzeeWaBukumbi

Wajukuu zangu, nimesomewa uzi huu na mjukuu. Nimefurahi. Mimi nilikuwa katekista, sasa miguu imekataa.

Wamisionari wa Afrika walifika kando ya ziwa hili mwaka 1878, na hapa kwetu Bukumbi misheni ikaanza mwaka 1883. Kardinali Lavigerie aliwawekea utaratibu: mtu asibatizwe kabla ya miaka 4 ya kufundishwa. Miaka minne! Wazungu wengine waliwaona wanachelewesha. Lakini katika miaka hiyo mtu alikuwa na mwalimu wake, anamjua nyumbani kwake, anajua anagombana na nani na anapatana na nani. Ndivyo na mimi nilivyolelewa. Yule katekista alikuwa anatembea kwa miguu kutoka kijiji kingine, na mama yangu alikuwa anamwekea viazi.

Sasa naona mafundisho yanafanywa haraka, kitabu kinamalizwa, mtihani unafanywa, nguo nyeupe zinashonwa, sherehe, kwaheri. Watoto wanamaliza Komunyo kama wanavyomaliza shule. Mlezi mwenye subira ni dawa ya jambo hili. Wabeja sana, mfundi.

#17 FundiMitumbwi

Shikamoo babu. Mungu akutunze. Umesema kwa maneno machache nilichohangaika kukisema kwa aya nyingi.

Nguo nyeupe umezigusa, niongezee. Sare. Wazazi na walezi wenzangu, nawasihi. Sare na skafu za Utoto Mtakatifu ni nzuri, watoto wanazipenda, wakiandamana moyo unajaa. Lakini mtoto asiye na sare asikae nyuma, asikatazwe kucheza, asiambiwe "mwambie mama yako". Mtoto hana mfuko. Nimeona kwenye kigango fulani watoto wamepangwa safu mbili siku ya sikukuu ya Watoto Mashahidi, tarehe 28 Desemba, wenye sare mbele na wasio nayo karibu na mlango. Siku ya kuwakumbuka watoto waliouawa na Herode, ndiyo siku tunayowafukarisha watoto wetu mbele za watu! Kigango kikikosa pesa za kushonea wote, basi siku hiyo wasivae wote. Kwangu hili halina mjadala.

#18 HojaKwanza

Hapo nakupa mkono, mkuu. Na hoja yako ya fungu la bajeti nimeichukua. Nipo kwenye kamati ya fedha ya parokia yetu, kikao kijacho nitaipeleka. Nitaleta mrejesho hapa.

#19 MwanachuoMalimbe

Mkuu, bado nasubiri jibu langu. Mwezi wa saba hauko mbali.

#20 FundiMitumbwi

Mdogo wangu, jibu hili hapa.

Wanachuo mjitolee, tunawahitaji. Mna nguvu, mnajua nyimbo mpya, watoto wanawapenda. Ila msiingie kama viongozi wa kundi. Ingieni kama wasaidizi wa mtu anayeishi hapo: mama wa kigango, baba mwenye duka, mzee yeyote anayejulikana na watoto. Kama hayupo, kazi yenu ya kwanza muhula huu ni kumtafuta mtu huyo, kabla hata ya kufundisha wimbo. Nendeni jumuiya kwa jumuiya. Msiulize "nani atajitolea", maana hapo wote wataangalia chini. Muulizeni mmoja mmoja, nyumbani kwake, mkimwambia kwa nini mmemwona yeye.

Na wewe unayeondoka mwezi wa saba, anza sasa. Waambie watoto mapema, kwa maneno ya kawaida, kwamba utaondoka na utaenda wapi. Usipotee tu. Wengi wao wameshapotelewa na watu bila kuagwa. Halafu daftari. Kwa kila mtoto andika jina lake, anaishi na nani, jumuiya gani, kama amebatizwa na wapi, anapenda nini, anaogopa nini, na nyumba yao unaifikaje kwa miguu. Yale mengine aliyokuambia kwa siri, yenye hatari ndani yake, hayaandikwi kwenye daftari hilo. Yanakwenda kule alikoelekeza dada Ustawi. Jumapili zako za mwisho usifundishe wewe. Kaa mkekani, afundishe huyo anayebaki, watoto wakuone ukimsikiliza.

Ukifika Kigoma, nenda kigango cha kwenu, uwaambie uko tayari.

#21 MwanachuoMalimbe

Asante sana mkuu. Kuna mama mmoja muuza vitafunwa karibu na geti la chuo, watoto wote wanamwita bibi. Sikuwahi kufikiria kumuuliza. Nitakwenda kwake Jumamosi na katekista. Daftari nimeshalinunua.

#22 MamaBuswelu

Wapendwa, nimekubali. Nimeachia uhazini, mwenyekiti hakufurahi lakini ameelewa. Nimeomba tuwe watatu na mmoja awe mwanaume. Kaka BabaKirumba, Kirumba na Buswelu si mbali sana, ila naona parokia yako inakuhitaji zaidi. Kaka mwanzisha uzi, naomba unitumie hiyo hadithi ya tufani unavyoisimulia, hasa pale wadogo wanapokuwa mawimbi. Naanza nayo.